Skii fupi na tiara: tatizo liko kwenye vifungio kuliko urefu

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa michezo wa wiki iliyopita mlichapisha makala kuhusu mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya theluji. Iliwahimiza vijana wetu wanaopata nafasi za masomo Norwe, Ufini na Uswisi waujaribu, na ikawashauri waanze na skii fupi, yaani zile mbao za kutelezea theluji zinazofungwa miguuni, kwa kuwa hazina ugumu wa kujifunza. Hamu ya mwandishi tunaipokea kwa mikono miwili. Ushauri wake wa vifaa ndio uliotushikisha kalamu, maana hapa Dodoma wapo vijana wanaoufuatilia mchezo huu kwa karibu, na baadhi yao watapanda ndege na makala ile mfukoni.

Skii fupi zinazozungumzwa ni zile zisizofika sentimita 100. Zilivuma miaka ya 1990, pale Kneissl ya Austria ilipouza Bigfoot zake za sentimita sitini na kitu, na Salomon ya Ufaransa ikaja na Snowblade za sentimita tisini na kitu. Nyingi zimepinda kwenda juu mbele na nyuma, na kiuno chake ni chembamba kuliko pua na mkia, ndiyo maana hukata kona ndani ya mita chache. Skii ya kawaida ya mtu mzima ina sentimita 160 hadi 180. Tofauti hiyo ya urefu ndiyo inayozaa mazuri ya skii fupi na mabaya yake.

Mazuri yapo, na si haki kuyaficha. Anayejifunza tiara macho yake yako juu. Hana nafasi ya kutazama miguu. Skii fupi hazipandiani kirahisi, hugeuka kwa kusukuma kisigino kidogo tu, na mtu akianguka hunyanyuka bila kupigana na mbao ndefu huku tiara ikimngoja juu ya kichwa. Mikia yake mifupi hainasi ovyo zile kamba za mita 20 hadi 25 zinapolala chini kabla ya kurusha. Tena zinaingia ndani ya mkoba uleule wa tiara, jambo ambalo kwa mwanafunzi anayepanda treni na basi na mizigo yake yote si dogo.

Sasa tutazame theluji yenyewe. Msingi wa mchezo huu ni makali ya skii. Tiara inakuvuta kuelekea upepo unakokwenda. Wewe unalalia upande wa pili, yale makali yaliyo upande unakotoka upepo yanauma theluji, na mvuto wa pembeni unageuka kuwa mwendo wa mbele. Uzito mwingi unakaa kwenye mguu ulio upande wa tiara, ukikanyagia upande wa kidole gumba. Makali yakiwa ya sentimita 90, tena zile ncha zilizopinda hazigusi chini, kinachouma kweli ni sentimita 70 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na upepo mdogo, zinatosha. Upepo ukiongezeka zinateleza kiubavu, na mtu anajikuta anasogezwa kidogo kidogo kule upepo unakokwenda. Kubisha, yaani kupanda upande unakotoka upepo ili urudi ulikoanzia, kunashindikana. Wengi huamini tatizo ni tiara, wakaazima kubwa zaidi. Tiara kubwa inaongeza mvuto wa pembeni, makali yanashindwa zaidi, na sasa mtu anasafirishwa kwa kasi asiyoitaka.

Kwenye theluji laini hesabu ni mbaya zaidi. Ubao wa sentimita 90 wenye upana wa wastani wa sentimita 10 una eneo la sentimita za mraba 900, kwa hiyo jozi ni 1,800. Jozi ya sentimita 175 yenye upana huohuo ina 3,500. Mtu wa kilo 75 akishavaa buti, helmeti, hanesi (mkanda wa mwilini unaobeba mvuto wa tiara) na mkoba anafika kilo 85 hivi. Juu ya skii fupi kila sentimita ya mraba inabeba gramu 47. Juu ya ndefu, gramu 24. Theluji mpya iliyofika kwenye goti haibebi zile gramu 47. Pua inazama, mwendo unakatika ghafla, lakini tiara haina habari: inaendelea kuvuta, na mtu anapinduka kifudifudi. Anayejaribu kukwepa hilo kwa kuegemea nyuma anakuta hakuna mkia wa kumshikilia, anaketi chini. Kwa kanuni ya haraka, buti likizama zaidi ya sentimita 10 ukisimama tu bila kuvutwa, siku hiyo skii fupi ziache ndani.

Kuna pia matuta ya theluji yanayochongwa na upepo, magumu, ya kimo cha sentimita chache hadi zaidi ya goti. Uwanda wa Hardangervidda huko Norwe, ambako wapenzi wa mchezo huu hukusanyika Haugastøl, huwa nayo kwa wingi. Skii ndefu hupita juu yake kama ubao uliotandikwa juu ya mtaro. Skii fupi huingia ndani ya kila shimo na kugonga kila ukuta. Na mwendo ukizidi kilomita 40 kwa saa, hata pasipo matuta, skii fupi huanza kutetema na kuyumba kushoto na kulia, kwa sababu ule wepesi wa kugeuka hauna mahali pa kujificha. Tiara ndogo tu kwenye upepo wa wastani humfikisha mtu kwenye kasi hiyo kabla hajajua.

Haya yote mtu anaweza kuyaepuka kwa kuchagua siku na mahali. Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni vifungio, na hapa tunaomba mtuvumilie.

Skii ya kawaida humshika mtu kwa kifungio chenye springi. Mguu ukisokotwa kupita kiwango kilichowekwa, au kisigino kikivutwa juu kwa nguvu, kifungio kinaachia, skii inabaki, mguu unanusurika. Kiwango hicho hupangwa kwa fundi kulingana na uzito, kimo, urefu wa soli ya buti, umri na ustadi wa mtu. Skii fupi nyingi, hasa zile za zamani zinazouzwa kwa bei ya kutupa kwenye mitumba ya vifaa vya michezo Ulaya, zina vifungio visivyoachia. Ni vyuma viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, vinavyobana buti hadi uvifungue mwenyewe kwa mkono. Waliozitengeneza walihesabu kwamba skii fupi ni wenzo mfupi, haiwezi kuusokota mguu kwa nguvu kubwa. Kwa mtu anayeteremka mlima taratibu hesabu hiyo ina ukweli wake, na kweli majeraha ya goti hupungua. Ila madaktari wa maeneo ya skii walikuja kuona mivunjiko ya muundi na kifundo cha mguu ikiwa na sehemu kubwa zaidi kwa watumiaji wa skii fupi kuliko kwa wa skii ndefu.

Chukua mfano huu. Ncha ya skii ya sentimita 90 iko sentimita 45 kutoka katikati ya buti. Ikinasa, na uzito wa kilo 20 tu ukaisukuma kiubavu, muundi unapokea msokoto wa nyutoni-mita 88 (nyutoni-mita ni kipimo cha nguvu ya kusokota). Kifungio cha kuachia cha mtu wa kilo 75 mwenye ustadi wa kati hupangwa kwenye namba 6 au 7 ya kipimo cha springi yake, maana yake kiachie msokoto ukifika nyutoni-mita 60 na kitu. Kwa maneno mengine, mfupa umeshapita kiwango cha usalama kabla kile kifungio cha vyuma viwili hakijafikiria lolote. Kilo 20 si nyingi hata kidogo pale tiara ya mita za mraba 6 inapomburuta mtu aliyekwisha kuanguka. Anayeteremka mlima akianguka, mara nyingi anasimama baada ya mita chache. Anayevutwa na tiara anaweza kuburutwa mita 100 na zaidi, skii zote mbili zikiwa zimeng'ang'ania miguuni na zikigonga kila kitu njiani.

Kwa hiyo kijana akiulizwa achague kati ya skii fupi zisizoachia na skii ndefu zinazoachia, asisite. Na kama anautaka ule wepesi wa kugeuka, ipo njia ya katikati ambayo makala ingeitaja ingetusaidia wote: skii za sentimita 120 hadi 140 zenye kifungio kamili cha kuachia na breki zake mbili. Breki ni vile vikono vya chuma vinavyoshuka pembeni skii ikitoka mguuni, ili isitelezeke peke yake ikamgonge mtu. Zipo pia skii za sentimita 99 na zaidi kidogo zilizofungwa vifungio vya kuachia. Hizo hatuna ugomvi nazo kwa theluji ngumu, mradi fundi amepima buti na kifungio pamoja, asikisie kwa macho. Soli iliyolika, au buti la kutembelea milimani lililobanwa kwenye kifungio cha buti jingine, hukifanya kifungio kigome kuachia hata kama namba yake ni sahihi.

Makali yanolewe. Skii za kukodi za mwanzo wa msimu huwa butu, na skii fupi butu juu ya barafu ni balaa tupu. Pembe ya nyuzi 1 chini na nyuzi 2 pembeni inafaa, na ukucha ukikwangua makali uache unga kidogo.

Jambo la pili tunalotaka kusahihisha ni jedwali la ukubwa wa tiara lililokuwa kwenye makala ile. Linaonekana kunakiliwa kutoka kwa watu wa baharini, halafu msomaji akaambiwa alitumie popote. Juu ya theluji ngumu msuguano ni mdogo mno, kwa hiyo mtu huhitaji tiara ndogo kuliko ya majini. Mtu wa kilo 75 mwenye skii ndefu, upepo wa kilomita 18 hadi 28 kwa saa, anatosheka na mita za mraba 8 hadi 9. Anayejifunza juu ya skii fupi tungempa 5 au 6 kwa upepo huohuo, na upepo ukivuka 28 tungemwambia apumzike. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake: kutoka 20 hadi 30 kwa saa mvuto hauongezeki kwa nusu, unakuwa mara mbili na robo ya ule wa mwanzo.

Kisha kuna uzito wa hewa, ambao huku kwetu ndio unaodanganya watu. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mchana wa nyuzi joto 27 mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Kwenye ghuba iliyoganda karibu na Oulu, Ufini, usawa wa bahari, nyuzi 15 chini ya sifuri, ni kilo 1.37. Tiara ileile, upepo uleule, mvuto umezidi kwa theluthi moja. Kijana aliyezoea kusimama imara na mita za mraba 5 hapa atashangaa zinavyomng'oa kule. Haugastøl, ambako ni juu kiasi, ongezeko ni kama asilimia 15. Lakini Silvaplana, Uswisi, ziwa liko karibu mita 1,800, na kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hewa yake ina kilo 1.08 hivi tu, karibu sawa na yetu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye kukodisha vifaa ni ziwa au uwanda huo uko mita ngapi juu ya bahari. Na kwa wale wanaopenda kuulizia Kibo: juu kule hewa ni nyepesi kiasi cha kuvuta nusu tu ya usawa wa bahari, barafu yenyewe ni vipande vyenye kingo za maporomoko, na hakuna uwanda wa theluji wa kukimbizana. Tuliache.

Sehemu kubwa ya mchezo huu inajifunzwa mikononi, wala haihitaji theluji. Mwenye safari mwezi wa nane au wa tisa ana msimu mzima wa kiangazi wa kujinoa hapahapa, kuanzia Mei, upepo wa mashariki na kusini-mashariki ukivuma bila kubadilikabadilika. Aanze na tiara ya mafunzo ya kamba mbili, mita za mraba 2 hadi 3, kwenye upepo wa kilomita 12 hadi 20 kwa saa. Asiye na kipimo asome ardhi: majani na vijiti vidogo vikitikisika muda wote, ni 12 hadi 19, vumbi na karatasi zikianza kuinuka, ni 20 hadi 28, na kwa anayeanza hapo ndipo mwisho. Ajifunze kuishikilia tiara juu ya kichwa dakika tano bila kuitazama, kisha kuishusha pembeni nyuzi 45 na kuirudisha, kushoto na kulia, kwa mkono mmoja. Asiyeweza hilo amesimama ataliwezaje juu ya skii?

Akihamia tiara ya kamba nne yenye hanesi, arudie mpangilio wa dharura hadi mkono uujue wenyewe. Kwanza achia mpini. Tiara za theluji hupoteza nguvu nyingi mpini ukienda mbali nawe. Ikiendelea kuvuta, sukuma kifunguo cha dharura kifuani, ibaki imeshikwa na kamba moja ya usalama. Ikivuta bado, achana hata na kamba hiyo. Vaa glavu nene unapofanya mazoezi haya hata kama jua la Dodoma linakucheka, kwa sababu kule utakuwa nazo, na kifunguo kinachoshikika kwa mkono mtupu kinaweza kukataa kwa glavu. Huko kwenye baridi kifunguo hicho kijaribiwe kila asubuhi na kila baada ya kuanguka; theluji ikiingia ndani na kuganda, hakisukumiki.

Uwanja uwe wazi angalau mita 100 kila upande, na zaidi upande unakokwenda upepo. Mbuga za Bahi zikikauka zina nafasi, na mashamba ya mtama na uwele yaliyovunwa pia, ukishapata ruhusa ya mwenyewe. Nyaya za reli ya SGR zina volti 25,000, na njia kuu ya umeme wa Iringa, Dodoma hadi Singida na Shinyanga inapita mle mle. Kaa mbali nazo nusu kilomita au zaidi, na usirushe kabisa jirani na viwanja vya ndege. Funga kazi kabla ya saa nne asubuhi, hasa Septemba na Oktoba. Ardhi ikishapata moto vile vimbunga vidogo vya vumbi hutokea bila taarifa, na kimoja kikipita kwenye tiara hugeuza upepo pande zote kwa sekunde chache. Mwenye kigari cha magurudumu matatu au ubao wa magurudumu aweke dawa ya kuziba pancha ndani ya tyubu kabla ya kutoka nyumbani. Mbigili za huku hazina huruma. Skii asizilete mchangani kwa kujaribu tu, zitakwanguka tumbo na hazitateleza.

La mwisho ni maziwa yaliyoganda, maana makala iliyasifia bila tahadhari yoyote. Barafu ngumu ya rangi ya kioo ihesabiwe salama kwa mtu mmoja ikifika sentimita 10; ile nyeupe yenye theluji ndani yake ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo iwe 20. Anayetembea hukanyaga eneo dogo alilolipima. Anayevutwa na tiara huvuka kilomita nzima kwa dakika mbili, akapita mdomo wa mto au chini ya daraja ambako maji yanatembea na barafu ni nyembamba. Toboa na pima sehemu zote utakazopita, waulize wavuvi wa hapo, usiende peke yako. Ning'iniza shingoni ile jozi ya vipini vyenye misumari ya kujivutia juu ya barafu, juu ya koti, si ndani yake. Na hapa vifungio vinarudi: aliyetumbukia na skii zisizoachia lazima ainame ndani ya maji ya nyuzi sifuri kuzifungua kwa mikono yenye glavu, huku tiara ikiwa bado angani.

Tunaomba jedwali lile lirekebishwe katika toleo lijalo, na neno moja kuhusu vifungio liongezwe.

Wasomaji wenu, wapenda tiara,
Dodoma